Nakili kwa kalamu ileile

Vijana wakinikuta nimekaa pale pwani ya Lamu karibu na gati, daftari mapajani, swali ni lilelile, kaka umesomea wapi kuchora? Nikiwaambia sijasomea popote, nimejifunza kwa kunakili kazi za wengine, wananitazama kama nimesema nimeiba kuku wa jirani. Nawaelewa lakini. Kunakili wanakokujua wao ni kule kwa picha za kuuzia watalii, mashua nyeusi, jua jekundu, mnazi umeinama, utoke duka hili uingie la pili ni mashua ileile na mnazi uleule umeinamia upande uleule, na aliyechora hakuangalia mashua, aliangalia picha ya mwenzake ambaye naye aliangalia ya mwenzake. Hiyo mie siiti kujifunza, hiyo ni biashara, na biashara si mbaya, watu wanakula, ila tusichanganye mambo.

Ninachosema mie ni kingine. Chukua mchoro mmoja wa mtu aliyekuwa anajua, kaa nao, ufuate mstari kwa mstari, na ukiweza tumia kifaa kilekile alichotumia yeye. Hilo la mwisho ndo watu wengi wanaliruka na kwangu ndo lenye faida kuliko yote.

Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi, kila mtu anamjua kwa rangi, yale maua ya alizeti na ule usiku wa nyota, lakini mwaka 1888 alipokuwa Arles, kusini mwa Ufaransa, alichora kazi nyingi tu za wino, na kalamu aliyotumia sana ni ya tete, yaani bua la matete, amechonga mwenyewe. Ukiitazama ile michoro imejaa vitone, vistari vifupi, vijiduara, vikoma vya kupinda, shamba zima limesimama kwa vitu vidogo vidogo hivyo. Sasa ukae na biro yako uvinakili, utaona ni mapambo tu, jamaa alikuwa na muda wa kuchezea. Biro haikauki, inateleza inaenda, kwa hiyo kila kitone unakiweka kwa kujilazimisha na kazi inatoka imekufa, huoni hata sababu ya kuendelea.

Kuna ustadh mmoja huku mtaani kwetu anaandika khati, yale maandishi ya Kiarabu ya urembo, majina ya watu, aya za kutundika ukutani, mambo hayo. Nikamwomba kalamu moja, shikamoo ustadh, marahaba mwanangu, akanichongea palepale kwa kisu kidogo, akakata mshazari, akapasua ncha katikati ili wino upate njia ya kushuka, kisha akanionyesha kikopo chake cha wino, ndani ameshindilia pamba, ukichovya kalamu inagusa pamba tu haizami, kwa hiyo hainywi wino ikapitiliza ikakumwagia doa. Kalamu ya khati ncha yake ni bapa, mie nyumbani nikaichonga zaidi ikawa nyembamba. Wallahi raha ya kitu kile! Ukiigusisha kwenye karatasi inaanza kwa nguvu, nyeusi ti, halafu kabla hujafika mbali inakauka, inakwaruza, inaacha mstari uliochanika chanika. Mstari mrefu wa kuvuta kwa raha zako haupo. Unachora vistari vitatu vinne, unachovya, vitatu vinne tena, unachovya, na mkono baada ya muda unapata mapigo yake wenyewe.

Nikacheka peke yangu. Manake sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nikikiona ni mtindo wa Van Gogh, kumbe ni tabia ya tete, yeyote akiishika itamtaka hivyohivyo. Na ukishaitoa hiyo tabia ya kalamu pembeni, kinachobaki ndo akili ya mtu mwenyewe, hapa kaweka kitone, hapa kistari, hapa kaacha karatasi tupu kabisa na wewe unaona maji. Huwezi kuyatenganisha hayo mawili kwa kutazama kwenye simu, sahau.

Michoro niliyokaa nayo zaidi, na hii inaeleweka kwa mtu wa Lamu, ni ya mashua. Mwezi wa 6 mwaka huohuo wa 1888 alikwenda ufukweni Saintes-Maries-de-la-Mer, huko akachora mashua za wavuvi zimepandishwa mchangani, moja imeandikwa jina lake ubavuni, Amitié, vile na zetu zinavyoandikwa majina, na kwenye mchoro wenyewe ameandika majina ya rangi humohumo ili akirudi Arles akazipake. Yupo na mchoro mwingine wa mashua ziko baharini zinakwenda na matanga, huo aliurudia zaidi ya mara moja, akampelekea rafiki yake Bernard, mwingine Russell, mwingine ndugu yake Theo. Ukiziweka pamoja, mashua ni zilezile, bahari ni ileile, lakini alama si zilezile. Yaani mtu anajinakili mwenyewe na bado anabadilisha! Mie hizo kazi nilizishusha kwenye tovuti za makumbusho, wengi siku hizi wanatoa picha kubwa kubwa bure, Rijksmuseum ya Amsterdam wanatoa, The Met ya New York wamefungulia tangu 2017, unasubiri tu usiku mtandao utulie kidogo maana faili zenyewe nzito na bando unalijua. Tahadhari moja, wino wa Van Gogh mwingi umepauka ukawa kahawia, kwa hiyo usimnakili ule upole wa rangi ukadhani ndo alivyotaka, pale mwanzo palikuwa peusi zaidi.

Halafu funga simu, geuka utazame ng'ambo. Mikoko ya kisiwa cha Manda kutoka huku Lamu miaka yote nilikuwa naichora kama ukuta wa kijani, msitari juu, msitari chini, nimemaliza. Kwa tete haikubali. Maji yakitoka mizizi inajionyesha na ile mizizi ni vistari vifupi vya kushuka, vinaanza vizito juu vinakauka vikifika topeni, kalamu inafanya hiyo kazi karibu yenyewe, majani juu ni vitone, vya karibu vikubwa vya mbali vidogo, na tope unaliacha, usiliguse, karatasi ndo tope. Sikuinakili picha yoyote ya Van Gogh hapo, yeye sijui kama mikoko aliiota, lakini bila zile mashua zake nisingejua kuacha tope. Kaskazi ikivuma ndo shida, wino unakauka kwenye ncha kabla haujagusa karatasi, unakuwa mtu wa kuchovya tu.

Najua kuna mtu atasema hayo ni ya Wazungu. Haya, tuje nyumbani. Muhammad Kijumwa, huyu aliyefariki 1945, wetu wa Lamu, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, fundi wa nakshi za milango, na kazi yake kubwa mojawapo ilikuwa ni kunakili, ananakili tendi za zamani kwa mkono wake, nakala zake nyingine zipo London mpaka leo kwenye maktaba ya chuo cha SOAS na wasomi wanazitegemea. Na wanaojifunza khati mpaka kesho hivyo ndivyo wanavyofanya, mwalimu anaandika mstari juu, mwanafunzi anaufuata chini, tena na tena, mwalimu anatia alama pale palipopinda. Mafundi wa nakshi wa hapa nao watakwambia, kijana hapewi mfaa wa mlango wa mtu auharibu, anaanza na ua moja kwenye kipande cha ubao, ua ambalo limeshachongwa na waliomtangulia. Kwa nini kwenye mbao ni elimu halafu kwenye karatasi iwe wizi? Sielewi mie.

Na Van Gogh mwenyewe alikuwa mnakili mkubwa tu, alimnakili mchoraji Hiroshige wa Japani mwaka 1887, akawanakili wakulima wa Millet, mchoraji wa Ufaransa, alipokuwa Saint-Rémy, hukohuko kusini, na Millet huyo alimpata kwenye picha zilizochapwa bila rangi, rangi akatia zake. Ila anayenifurahisha zaidi ni Rembrandt, mchoraji mwingine wa Uholanzi, wa zamani zaidi. Hakuwahi kutoka Uholanzi, na yuko tayari ni mzee mwenye jina, lakini picha ndogo za Wahindi wa Mughal, ule ufalme wa zamani wa India, zilipomfikia kwa njia za biashara za bahari hii yetu alikaa akazinakili, zaidi ya 20 zimebaki, kwenye karatasi ya Japani. Zile picha asili zina rangi na urembo mpaka basi, yeye urembo mwingi akauacha, akachukua kanzu zinavyoanguka na watu wanavyokaa. Alijua amekuja kuchukua nini.

Hicho ndo ninachowaambia wanaoniuliza, ukikaa na kazi ya mtu jiulize leo unachukua nini, maji tu, au tanga tu, au vile anavyoachia kona ya karatasi. Ukitaka vyote kwa pamoja utarudi kuwa mashine ya fotokopi. Na chini ya nakala andika umenakili nani, usiitundike dukani, weka kabatini ikusaidie wewe.

Sasa hivi nimeanza kutazama misahafu ya zamani ya Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, yale mapambo yake ya pembeni ya wino mwekundu na mweusi, na shida yangu ni wino mwekundu, ninaopata hapa unatambaa kwenye karatasi badala ya kukaa, kwenye mstari mwembamba ndo balaa. Ustadh ananiambia niuchemshie gundi ya mgunga kidogo. Kama kuna anayejua kipimo chake aniambie, nimeshachafua meza ya mama vya kutosha.