Sepsisi wodini: hesabu pumzi dakika nzima

Fungua chati za wodi ya watu wazima, safu ya upumuaji: 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda. Wagonjwa wote hawawezi kupumua sawasawa hivyo. Hiyo ni namba ya kukisia, na ndiyo inayoficha sepsisi (mwili unapoyajibu maambukizi kwa namna inayodhuru viungo vyake wenyewe), maana mara nyingi pumzi huanza kwenda mbio presha ikiwa bado inaridhisha. Mshike mgonjwa mkono kama unayepima mapigo (akijua unahesabu pumzi, hubadilika), kisha hesabu kifua kikipanda kwa sekunde 60. Mtu mzima akifika 22, usimpite.

Tazama na mengine mawili: presha ya juu (ile namba ya kwanza ya kipimo) ikiwa 100 au chini, na akili iliyobadilika. Mwenye maambukizi akiwa na mawili kati ya hayo matatu, yuko hatarini. Asipoyafikisha bado hajasalimika. Miongozo ya kimataifa ya 2021 inakataza kutegemea alama hizo peke yake. Kuhusu akili, muulize ndugu anayemuuguza. Akisema "leo si yeye huyu", mwamini, halafu pima sukari papo hapo, kwani ikishuka nayo huvuruga akili. Kukosa homa kusikupumbaze: wazee na watoto wachanga huweza kuwa chini ya nyuzi 36.

Huku Tanga mtego mkubwa ni malaria. Kipimo cha haraka kikitoka chanya, watu huacha kutafuta. Mtoto aweza kuwa na malaria na bakteria kwenye damu kwa pamoja, tena kipimo hicho huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba.

Damu ya kuotesha (ya kutafuta bakteria maabara) itolewe kabla ya antibiotiki, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa kwa mtu mzima. Spiriti ikauke kwanza, la sivyo utaotesha vijidudu vya ngozi. Chupa zikikosekana usingoje: mwenye mshtuko (mzunguko wa damu umeporomoka) apate antibiotiki ndani ya saa moja.

Dripu ya kasi kwa watoto ni habari nyingine. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa mkoani kwetu, Hospitali Teule ya Muheza, ulihusu watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika. Ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji kwa kasi, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Wenye kuharisha au utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Hao wana mwongozo wao.