Mumiani wa New Orleans

Habari zilitufikia Jumapili asubuhi, Desemba 12, 2021. Anne Rice, mwandishi wa riwaya za wanyonya damu, alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo huko California, kwa matatizo yaliyotokana na kiharusi, akiwa na miaka 80. Wakati huo nilikuwa New Orleans, mji aliozaliwa, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi niliyekuwa zamu kwake alikuwa mwalimu mstaafu, na vitabu vya Rice vilijaza kabati zima. Chai hata hakuigusa.

"Nipeleke First Street," akasema.

Ndiko Rice alikowahi kuishi, ingawa nyumba ile alishaihama miaka mingi. Tulikuta mialoni mikubwa imeifunika barabara, na uzio wa chuma uliosukwa kwa mapambo ya waridi. Nikamsogeza bibi na kiti chake cha magurudumu hadi pale. Akapitisha kidole kwenye waridi moja, taratibu, vumbi likabaki kwenye ukucha.

Akaanza kunisimulia vituko vya 1995. Kitabu kipya kilipotoka, Rice alijilaza ndani ya jeneza, akiwa na gauni la harusi la kizamani, akabebwa kwa gari la farasi, matarumbeta yakilia, hadi dukani kusaini vitabu. Mji mzima ukatoka kutazama. (Kwetu angesomewa dua.)

Mimi nimekulia Tanga, nikitishiwa mumiani. Mumiani wetu huja na gari usiku, akakamata mtu, akachukua damu akaiuze, basi. Hakuna anayejali kama ana majonzi. Sasa mnyonya damu wa Rice, katika riwaya yake Interview with the Vampire ya 1976, anakaa chini anahojiwa, akieleza anavyoteseka! Nikamwambia bibi waziwazi kwamba hizo kwangu zilikuwa deko tu.

Hakukasirika. Aliniuliza kama namjua Michele. Simjui. Michele alikuwa binti wa Rice, akafa mwaka 1972 kwa saratani ya damu, hajatimiza hata miaka sita. Mwaka uliofuata mama akakaa akaandika riwaya ile, kwa wiki tano hivi. Humo yumo Claudia, kitoto cha miaka mitano kinachogeuzwa mnyonya damu ili kisife, nacho kinabaki na mwili uleule miaka nenda miaka rudi, akili ikikua, hasira ikikua.

"Damu ndiyo iliyomuua mwanawe," bibi akasema. "Wewe ungeandika nini?"

Sikuwa na jibu. Nikafunga breki za kiti, nikachuchumaa kumfunika miguu kwa shali, maana kaupepo kalikuwa kameanza. Watu wawili watatu walipita, mmoja akaacha shada la maua langoni bila kutusemesha.

Njiani kurudi akataka nimweleze vizuri huyo mumiani. Nikamweleza: gari, usiku, damu, mnunuzi asiyejulikana. Alisikiliza kwa makini sana.

"Sasa kwa nini anaiuza?" akauliza, na hakuwa anatania. "Ana watoto wa kulisha?"