Mishima, kabla ya upanga

Ukimtaja Yukio Mishima, mwandishi wa riwaya wa Japani, watu hurukia kifo chake: tarehe 25 Novemba 1970, katika kambi ya jeshi ya Ichigaya, Tokyo, aliwahimiza wanajeshi wamrudishie Kaizari mamlaka. Wakamzomea. Akajipasua tumbo, akiwa na miaka 45.

Siasa zake sizikubali hata chembe. Lakini nani ameandika wivu kama yeye? Mwaka 1950 mtawa kijana aliteketeza hekalu la Kinkaku-ji, Kyoto. Mwaka 1956 Mishima akatoa riwaya inayotuingiza kichwani mwa mchomaji mwenye kigugumizi, anayeelemewa na uzuri asioufikia. Namhurumia mno kijana yule, kila nisomapo.

Na siku ileile ya kufa, sehemu ya mwisho ya riwaya yake ya juzuu nne ilikwenda kwa mchapishaji.