Siku Moja Kliniki: Watoto Wanaorudiwa na UTI (Maambukizi ya Njia ya Mkojo)

Saa 2:00 asubuhi. Kazi ya kwanza ni kupata mkojo safi. Kwa mtoto ambaye bado hajui kuomba kukojoa, tunamwosha kwa maji na sabuni, kisha tunasugua taratibu chini ya kitovu kwa pamba iliyolowa maji baridi, kikopo kikiwa mkononi. Baadhi hukojoa ndani ya dakika 5. Wengine ni kusubiri. Mfuko wa kubandika hautufai kwa kuotesha, yaani kukuza bakteria wa mkojo maabara ili watambulike, maana hubeba bakteria wa ngozini na mtoto akatibiwa ugonjwa asionao. Mkojo ufike maabara ndani ya saa moja, la sivyo uwekwe kwenye friji.

Saa 4:00. Mafaili. Mtoto ameandikiwa "UTI" mara tatu na hakuna hata mara moja mkojo ulipooteshwa! Hapo siwezi kuanza dawa ya kinga, yaani dozi ndogo ya kila siku ya kuzuia UTI isirudi. Nauliza choo: utumbo uliojaa choo kigumu hukandamiza kibofu, mkojo ukabaki. Hilo hutibiwa kwanza. Na damu mwishoni mwa kukojoa, kwa mtoto anayeogelea madimbwini, nawaza kichocho.

Saa 6:00. Dozi. Kotrimoksazoli ya kinga huhesabiwa kwa trimethoprimu, moja ya dawa mbili zilizomo ndani yake: miligramu 2 kwa kilo, mara moja kwa siku, usiku, kwa kuwa mkojo hukaa kibofuni muda mrefu mtoto akilala. Dawa ya maji ina miligramu 40 za trimethoprimu katika mililita 5, hivyo mtoto wa kilo 12 anapata mililita 3. Mama apewe bomba la kupimia. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kila ziara tunapima uzito upya. Haifai kwa mtoto mchanga wa chini ya wiki 6, wala mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Anayeitumia tayari kwa sababu ya VVU haongezewi nyingine.

Saa 8:00. Mzazi anauliza itatumika hadi lini. Utafiti wa RIVUR wa Marekani, 2014, ulifuatilia watoto 607 ambao mkojo wao hurudi nyuma kuelekea figo. Dawa ilipunguza UTI za kurudia karibu nusu, ila makovu ya figo hayakupungua. Ugonjwa uliporudi kwa bakteria E. coli, usugu, yaani bakteria kutosikia dawa hiyo, ulikuwa asilimia 63 kwa waliotumia dawa, 19 kwa wasiotumia. Kwa hiyo naiandikia wachache, na baada ya miezi 6 tunaijadili upya.

Saa 9:30. Homa imempanda mtoto aliye kwenye kinga. Kuongeza dozi ya dawa ileile ni kosa, kwani bakteria aliyeipenya huenda ameshaizoea. Tunaotesha mkojo, tunaanza dawa nyingine kwa dozi kamili ya tiba, na ile ya usiku inasimama mpaka tiba iishe.