Suti Nyeusi Iliyogeuka Majivu: Siku Yangu Moja Mwanjelwa

Saa 12:30 asubuhi. Julai, Uyole, hapa Mbeya. Maji ya kunawa yanauma vidole. Navaa sweta mbili, napanda daladala ya Mwanjelwa nikiwa na wazo moja tu kichwani. Jana jioni mama mmoja wa Tukuyu alinipigia: "Mwanangu, harusi ya binti yangu imepauka." Sikulala vizuri.

Saa 2:00. Nafungua duka, napangusa vumbi, nawasha kompyuta. Napiga video za harusi, sendofu na kipaimara, kisha nawachomea watu DVD. Wapo wanaodhani DVD zimekwisha. Huku kwetu bibi kijijini ana deki na TV, bando hana, na yeye ndiye anayeisubiri hiyo harusi kuliko wote.

Saa 3:15. Mama anafika, DVD ameifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu itazame mwenyewe."

Naiweka kwenye deki. Suti ya bwana harusi, ambayo nakumbuka vizuri ilikuwa nyeusi tii, imekuwa rangi ya majivu. Shela imefubaa kama maziwa yaliyotiwa maji. Kijana wa duka la jirani anachungulia na kusema ni hizi disc za bei rahisi. Hapana. Disc mbovu hukwama, hukata picha vipande vipande au haisomeki kabisa. Haiwezi kupausha rangi, maana kilichochomwa mle ni namba. Wala kuongeza rangi kwa rimoti si dawa: nyuso zitaiva kama nyanya na suti itabaki majivu vilevile. Hapa rangi haijapotea, umepotea weusi.

Namwomba mama anipe hadi jioni. Anakwenda sokoni.

Saa 4:00. Natafuta weusi ulipotelea wapi. Nafungua klipu halisi ya kamera: suti ni nyeusi. Basi kamera haina kosa, kosa limeingia mezani kwangu.

Kwenye video ya DVD, mwanga huandikwa kwa namba: weusi kamili ni 16, weupe kamili ni 235. Kompyuta yenyewe imezoea 0 hadi 255. Kamera yangu hii tayari huandika 16 hadi 235. Napekua mipangilio ya programu ya kuhariri na kukuta imeambiwa klipu ni za 0 hadi 255, kwa hiyo wakati wa kutengeneza DVD imezibana mara ya pili. Ukipiga hesabu, 16 inapanda hadi 30, na 235 inashuka hadi 218. Naweka kipimo cha mwanga juu ya bega la bwana harusi kwenye ile DVD: 30, 31, 30. Kosa ni langu, nilibadilisha programu mwezi Mei na sikukagua.

Saa 5:30. Ningeweza kuivuta DVD yenyewe irudi mahali pake, lakini naona huko ni kuharibu zaidi: tayari imeshakandamizwa, ukiivuta anga linatoka matabaka matabaka. Narudi kwenye klipu halisi, nasahihisha mpangilio ule mmoja, naanza upya.

Hapa kuna jambo linalonigusa sana. Nje ya kanisa siku ile kulikuwa na ukungu, ukungu wa Tukuyu wenyewe, umefunika migomba hadi shingoni. Kipimo kinasema hakuna weusi pale, na ni kweli, haukuwepo. Ukiulazimisha, migomba inakuwa mkaa na asubuhi ile inakufa. Kwa hiyo napima kwa suti ikiwa ndani ya ukumbi, ukungu nauacha.

Saa 7:00. Wali wa Kyela na maharage, huku kompyuta ikisaga. Harusi ya saa moja na nusu kwenye disc ya GB 4.7 naipa video megabiti 6 kwa sekunde, inatosha.

Saa 9:40. Nachoma kwanza kwenye DVD-RW, ile inayofutika, ili nisipoteze disc. Naijaribu kwenye TV ya chogo iliyo pembeni, kwa waya wa njano, kwa sababu bibi ataitazama hivyo. Skrini ya kompyuta siiamini kwa kazi hii. Suti nyeusi, na mikunjo ya begani bado inaonekana. Nachoma nakala 3 za kudumu.

Saa 11:00. Mama anakaa kwenye kiti cha plastiki, kikapu mapajani. Bwana harusi anaingia ukumbini, mama anatikisa kichwa taratibu. Picha ya kanisani inapofika, anasogea karibu na kioo.

"Ukungu umeuacha."

"Nimeuacha, mama."

"Ndaga fijo, mwanangu." Ni asante sana kwa Kinyakyusa.

Nimekataa pesa ya disc.

Saa 12:20 jioni. Nafungua daftari. Tangu Mei nimetoa harusi nyingine 3 kwa mpangilio uleule. Nachukua simu, naanza na ya Mbalizi.