Bakteria hai kwenye juisi ya mabibo

Ukitia mbegu ya bakteria rafiki kwenye juisi ya ukwaju, siku chache baadaye bado itanyweka vizuri, ila bakteria wengi watakuwa wamekufa. Shida ya vinywaji vyenye bakteria hai ni hiyo: aliye hai na aliyekufa ladha ni moja. Ili kinywaji kiwe na maana, kila mililita inatakiwa kumfikia mnywaji ikiwa na bakteria hai milioni 1 hadi 10.

Muuaji wa kwanza ni ukali. Ukali hupimwa kwa pH: namba ikishuka, ukali unapanda. Ndimu na ukwaju huwa na pH chini ya 3, pasheni huzunguka 3. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, hupita 4 kidogo na papai hupita 5, kwa hiyo huku kwetu Mtwara na Lindi, msimu wa korosho ukifika, malighafi nzuri imelala chini ya mikorosho ikisubiri kugeuzwa uraka, pombe ya mabibo.

Okota mabibo ya asubuhi hiyo hiyo, yasiyopasuka. Nyofoa korosho bila kuponda ganda, maana mafuta yake yanaunguza. Osha, kamua, chuja. Kinachokereketa koo ni tanini: chukua gramu 5 za wanga wa muhogo kwa kila lita ya juisi, upike kwa maji kidogo mpaka uwe ute, uache upoe, changanya na uache kwenye friji usiku kucha. Usiuache mezani. Kwa joto letu hamira ya porini huanza kazi mapema, na hamira hiyo ndiyo inayotengeneza uraka. Asubuhi mimina ile ya juu taratibu, mashapo yabaki.

Pima pH kwa karatasi za kupimia. Ikiwa chini ya 4, ongeza papai lililosagwa. Usipunguze ukali kwa magadi, yanaharibu ladha. Kisha pasha kwenye sufuria ya chuma cha pua hadi nyuzi 85, kwa dakika 2 hivi. Sufuria ya alumini huliwa na asidi. Funika, iweke ndani ya beseni la maji mpaka chombo ukikigusa usihisi joto. Mbegu huingia hapa, si kabla. Wengi wanaikosea hatua hii: wanaitia juisi ikiwa bado inafuka, wanaua walichonunua.

Mbegu inayovumilia juisi ni Lactobacillus plantarum au Lactobacillus casei (tangu 2020 majina yake rasmi ni Lactiplantibacillus plantarum na Lacticaseibacillus casei). Mtindi haufai, bakteria wake wamezoea maziwa. Kidonge cha bakteria bilioni 10 kwenye lita 1 kinakupa milioni 10 kwa mililita, lakini idadi ya kwenye kopo mara nyingi ni ya siku kilipotengenezwa. Usikitie kikavu kwenye juisi yote. Koroga kwanza kwenye nusu kikombe cha juisi iliyopashwa na kupoa, uache saa chache, ndipo umimine. Waliozoea ukali mapema hudumu zaidi.

Acha chombo kivulini, penye nyuzi 30 hivi (hapa kwetu hakuna haja ya kifaa cha kutunza joto), kwa saa 12 hadi 16. Muda huo ukiisha, peleka kwenye friji ya nyuzi 4 mara moja. Ikibaki nje wanaendelea kutoa asidi mpaka iwaue wenyewe. Jaza chupa karibu na shingo, maana hewa pia inawachosha. Chupa ya kioo ni bora kuliko plastiki. Dawa za kuhifadhi kama benzoeti usiziweke. Ukitumia maji ya bomba, yachemshe kwanza, maana klorini yake huua bakteria.

Chupa ikifoka ukiifungua, hiyo ni hamira: plantarum haitoi gesi kwenye sukari za kawaida za matunda. Imwage. Umeme ukikatika usiku, iweke kwenye boksi la barafu. Ukiiuza, andika tarehe, na idadi ya bakteria uandike tu kama maabara imeotesha na kuhesabu.