Neno lililonipita sikioni

Fundi wa maabara hakunikaripia. Alinyoosha mkono polepole, akaichukua chupa ya asidi iliyokuwa mbele yangu, akaisogeza hadi upande wa pili wa meza, kisha ndipo akaniuliza: "Hebu rudia. Unaanza na nini?"

Nikarudia bila wasiwasi. Nikasema unaweza kumimina asidi kwenye maji, na unaweza pia kumimina maji kwenye asidi, mradi uende taratibu. Nikamfungulia na daftari kabisa, ukurasa wa mhadhara wa juzi yake. Sentensi mbili zilikuwa zimefuatana, mwandiko umenyooka, na zote mbili zilikuwa na neno "can". Akazisoma. Akaniangalia kwa muda.

"Nani kakufundisha hivi?"

Nikamtaja mhadhiri wetu.

Ilikuwa wiki ya tano ya muhula wangu wa kwanza, katika chuo ambacho kila kitu, kuanzia matangazo ya ubaoni hadi soga za korido, kilikwenda kwa Kiingereza. Asidi yenyewe ilikuwa ya sulfuriki, ile kali ya asilimia 98. Mililita moja yake ina gramu 1.84, karibu mara mbili ya uzito wa maji, kwa hiyo maji ukiyamimina juu yake hayazami, yanaelea. Asidi na maji vikikutana hutoa joto kubwa, na joto hilo linaweza kuyachemsha yale maji machache ya juu papo hapo. Yakichemka yanaruka, na yanaruka pamoja na asidi, kuelekea uso wa aliyeinama kutazama. Ukifanya kinyume chake, ukatia asidi kidogo kidogo kwenye maji mengi, joto linasambaa ndani ya maji na hatari inapungua sana. Kila mtu kwenye kundi letu alilijua hilo. Nami nilikuwa nimekaa nao ukumbi mmoja, safu ya tatu kutoka mbele, mkono wangu hautoki kwenye daftari.

Ndicho kilichoniuma. Sikuwa nimesinzia wala kuchelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya Kiingereza cha chuo kuliko nilivyowahi kujiandaa kwa jambo lolote. Miezi kadhaa kabla ya kuanza masomo nilikaa na orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno, nikaimaliza yote. Neno kama "hypothesis" au "derive" lilinifikia sikioni zima zima, kwa sababu ni maneno mazito na msemaji huyakanyaga anapoyatamka. Lakini orodha ile imeyaacha nje kwa makusudi yale maneno elfu mbili ya kila siku, kwani inachukulia kwamba mwanafunzi keshayajua. Nami niliyajua, kwenye karatasi. "Can" na "can't" nilikuwa nazo tangu shule ya msingi.

Fundi akaniambia siku hiyo sitashika chupa. Akanituma kwa mhadhiri mchana huohuo, katika saa zake za kuonana na wanafunzi.

Nilikuwa sijawahi kwenda. Niliyaogopa mazungumzo ya ana kwa ana kuliko mhadhara wenyewe. Ukumbini una kalamu ya kujishughulisha nayo, lakini ofisini kwa mtu unatazamwa, na jibu linasubiriwa. Mhadhiri alinipa kiti, akausoma ule ukurasa, akavua miwani.

"Kwa hiyo hukusikia kwamba nilikataza?"

"Yes," nikajibu.

"Ulisikia?"

"No."

Akasita. "Hukusikia?"

"Yes."

Tukabaki tunatazamana. Aliyegundua kwanza ni yeye. Nadhani alishawahi kukutana nalo kwa wanafunzi wengine. Akanieleza taratibu kwamba kwa Kiingereza, kama jambo halikutokea, jibu ni "no", hata kama aliyeuliza ameanza na kukanusha. Kwetu sisi mtu akikuuliza "Hukusikia?" nawe kweli hukusikia, unamjibu "Ndiyo, sikusikia". Unayakubali maneno yake. Kiingereza hakiyatazami maneno ya muulizaji, kinatazama tendo: lilifanyika au halikufanyika.

Nilipokuwa nimekaa pale zikanijia siku zote tano, kumi, ambazo sikuwa nimezielewa. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza ukumbini kama kile kiti kilichokuwa kando yangu, nilichowekea begi, sikitumii. Nikamjibu "yes", nikimaanisha ndiyo, sikitumii, karibu. Akashukuru, akaenda kusimama ukutani mwisho wa ukumbi, dakika hamsini nzima. Nilikuwa nimeshaondoa begi. Nikajiuliza nimemkosea nini. Kumbe nilimfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, naye aliondoka akiamini nimemnyima.

Kisha mhadhiri akafanya kitu ambacho hadi leo namshukuru kwacho. Alikizungusha kiti chake akaelekea dirishani, nisiuone mdomo wake, akazisema zile sentensi mbili kwa kasi ileile ya mhadhara. Akazirudia. Akazirudia tena. Nikafumba macho.

Katika sentensi ya kwanza "can" ilikuwa karibu haipo. Irabu yake ilikuwa imemezwa, imebaki kama "kn" tu, daraja fupi la kukufikisha kwenye kitenzi kinachofuata, na sauti ikaja kupanda kwenye kumimina. Katika ya pili sauti ilipanda mapema zaidi, kwenye neno lenyewe. Lile "a" likasikika lote, neno likakatwa kooni ghafla, ndipo kitenzi kikafuata. Nilichokuwa nikikitafuta muda wote huo, ile "t" ya mwisho, hakikuwepo.

"Usiitafute," akasema bila kugeuka. "Mimi mwenyewe siitamki."

Alikuwa na lafudhi ya Kimarekani. Shuleni mimi nilifundishwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza, ambako irabu ya "can't" ni ndefu, "kaant", tofauti kabisa na ya "can", na mwalimu wetu aliitamka "t" yake hadi mtu wa nyuma kabisa akaisikia. Kwa Wamarekani wengi irabu inafanana, na "t" hufa mdomoni. Kinachobaki kukuonya ni uzito wa sauti: neno limepitishwa haraka, au limesimamishwa.

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kukwamakwama, kwamba katika lugha yangu onyo linakuja mwanzoni. "Unaweza." "Huwezi." Neno halijafika nusu umeshajua kama umeruhusiwa au umekatazwa, na kila silabi inapata haki yake, hakuna inayomezwa ili nyingine ipite. Kiingereza kinaliweka katazo mkiani mwa neno dogo, mahali ambapo pumzi imeshaisha. Akageuza kiti akanitazama kwa namna ambayo ilikuwa bado haijanitokea pale chuoni, kama mtu aliyeambiwa jambo asilolijua. Akaniomba nirudie "unaweza" na "huwezi". Akayaandika pembeni mwa karatasi yake.

Nilipoondoka nilikuwa nimepata ruhusa ya kurekodi mihadhara yake. Kila jioni nilichukua dakika mbili tu za rekodi, nikaandika kila neno, nikarudia palipo na pengo. Kazi ya dakika mbili ilinila saa nzima. Mapengo yalikuwa hayahaya madogo: "of", "to", "have", "can". Na mkutubi, nilipomweleza shida yangu, alinionyesha mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Michigan wa Kiingereza cha kuzungumzwa chuoni, uliorekodiwa kati ya 1997 na 2002, karibu maneno milioni 1.8: mihadhara, semina, wanafunzi wanaojisomea pamoja, hata mazungumzo ya ofisini kama yale yangu. Nilisoma maandishi yake usiku kucha. Wahadhiri wanaanza sentensi wanaitelekeza, wanarudi nyuma, wanajisahihisha, wanaingiza habari ya pembeni kisha wanaurudia uzi kwa kaneno kamoja tu kama "so" au "now". Mara nyingi nilipodhani nimepoteza uzi, msemaji ndiye aliyekuwa ameuachia, na wenzangu walijua tu kungoja hadi auokote. Nikaanza kungoja na mimi. Niliacha kuandika kila kitu.

Wiki iliyofuata nilirudi maabara. Fundi alikuwa palepale, na chupa ilikuwa upande wake wa meza. Nilivaa miwani ya kinga na glavu, nikapima maji kwenye silinda, nikayatia kwenye bika, nikamweleza hatua moja baada ya nyingine, asidi ikija mwisho, kidogo kidogo, nikikoroga. Akasikiliza hadi nikamaliza.

"Kwa hiyo maji huyamimini kwenye asidi?" akauliza.

"Yes" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikaizuia hapo. Nikalitazama tendo.

"No," nikamwambia.

Akaisukuma chupa upande wangu.